MJI UNAISHIA WAPI?

Leo tutajifunza jambo ambalo watu hulibishania kwenye magulio na ndani ya magari ya abiria. Mmoja anasema, "Hapa tayari ni mjini." Mwenzake anamjibu, "Mjini gani, huoni mpunga huo?" Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli. Kwani mji hauna mpaka mmoja. Una mipaka mitatu, na kila mpaka una kazi yake.

Kuijua mipaka hii siyo mchezo wa maneno. Asiyeitofautisha anaweza kuuza shamba lake kwa bei ya hasara. Au anaweza kununua kiwanja kwa mtu asiye na uwezo wa kukiuza. Basi tuichukue mmoja mmoja.

Mpaka wa kwanza: serikali

Mpaka wa kwanza unawekwa kwa sheria na kuchorwa kwenye ramani. Ndani yake kuna halmashauri moja. Inaweza kuwa halmashauri ya mji, ya manispaa au ya jiji. Halmashauri hiyo ndiyo inayokusanya ushuru, kutoa vibali vya kujenga na kusimamia shule na zahanati.

Mpaka huu haufuati kile tunachokiona kwa macho. Tuangalie Shinyanga. Kolandoto, penye hospitali ya misheni ya siku nyingi, imo ndani ya Manispaa ya Shinyanga, ingawa ukitoka mjini kwenda huko unapita mashamba. Manispaa hiyo imekuwa na vijiji ndani yake, siyo mitaa tu. Kwa hiyo mtu anaweza kulima mtama na kuchunga ng'ombe, na bado akawa mwananchi wa manispaa.

Tena mpaka wa serikali unaweza kubadilika bila nyumba hata moja kuhama. Zamani Jiji la Mwanza lilikuwa na wilaya mbili, Nyamagana na Ilemela. Mwaka 2012 Ilemela ikapata manispaa yake. Tangu hapo Halmashauri ya Jiji la Mwanza ni Nyamagana peke yake. Hata uwanja wa ndege wa Mwanza uko Ilemela, nje ya halmashauri ya jiji!

Dar es Salaam nako ni hivyo hivyo. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ya zamani ilivunjwa, na Ilala ikapandishwa kuwa ndiyo Jiji la Dar es Salaam. Mtu wa Mbagala yuko Temeke. Lakini mwulize anakaa wapi, atakuambia, "Nakaa Dar." Na hakosei.

Mpaka wa pili: nyumba

Mpaka wa pili unaonekana kwa macho. Ni pale nyumba zilizobanana zinapokwisha na mashamba yanapoanza.

Ukipanda basi kutoka Geita kwenda upande wa Chato, unafika Katoro. Maduka, gereji, mashine za kukoboa na nyumba za wageni zimefuatana. Ukiendelea kidogo unaambiwa sasa uko Buseresere. Lakini hukupita pori lo lote katikati. Kwa macho huo ni mji mmoja. Kwa serikali ni sehemu mbili: Katoro ni Wilaya ya Geita, Buseresere ni Wilaya ya Chato.

Zamani hali ilikuwa ngumu zaidi. Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Katoro ilikuwa katika Mkoa wa Mwanza, na Buseresere katika Mkoa wa Kagera. Majirani wanaochota maji pamoja na kuuziana nyanya walikuwa na wakuu wa mikoa wawili. Mmoja akiwa na shida ya ngazi ya mkoa alikwenda Mwanza. Mwingine alikwenda Bukoba.

Mnaona ubaya wake? Taka zikitupwa upande mmoja, mvua inazipeleka upande wa pili. Kipindupindu hakisomi kibao cha wilaya. Halmashauri mbili zisipokaa pamoja, kila moja itafagia ua wake na kuacha uchafu njiani.

Mpaka wa tatu: mwendo wa watu

Mpaka wa tatu hauonekani kwenye ramani, wala haukai mahali pamoja. Unahesabiwa kwa kuuliza: watu wanakwenda wapi kila siku kutafuta riziki?

Kisesa iko Wilaya ya Magu. Usagara iko Wilaya ya Misungwi. Lakini asubuhi simama hapo barabarani uone magari yanavyojaa watu wanaokwenda kazini na sokoni Mwanza. Jioni wanarudi kulala kwao. Usiku ni watu wa Magu na Misungwi. Mchana ni watu wa Mwanza.

Katika Nchi ya Dhahabu mambo ni hayo hayo. Mgodi wa Bulyanhulu uko katika Halmashauri ya Msalala, nje ya Manispaa ya Kahama. Lakini mshahara wa mgodini unanunua bati na saruji Kahama. Machi 2019 soko la dhahabu lilifunguliwa Geita. Mchimbaji wa Nyarugusu ana kijiji chake, lakini Geita ana biashara yake.

Wenzetu wa Italia wanafanyaje?

Jambo hili siyo la Kanda ya Ziwa peke yake. Katika nchi ya Italia, huko Ulaya, kuna mji mkubwa wa viwanda na mabenki uitwao Milano. Manispaa ya Milano ina watu kama milioni 1.4. Lakini kila asubuhi treni na mabasi huleta wafanyakazi kutoka miji midogo ya jirani. Swali lao lilikuwa kama letu: Milano inaishia wapi?

Mwaka 2014 Waitaliano walitunga sheria. Tangu Januari 2015, Milano na majirani zake, manispaa zaidi ya 130 kwa jumla, zina chombo kimoja cha kupanga mambo yanayowahusu wote, kama vile barabara na matumizi ya ardhi. Watu wake wote wanazidi milioni 3. Kila manispaa ilibaki na meya wake.

Je, ubishi uliisha? Hapana. Karibu na Milano kuna mji uitwao Monza. Nyumba za huko zimeungana na za Milano. Lakini tangu mwaka 2009 Monza ni mkoa wake mbali, na sheria ya 2014 ilifuata mpaka wa mkoa. Basi Monza imebaki nje. Hiyo ndiyo Katoro na Buseresere ya Ulaya.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa takwimu wa Ulaya hawategemei ramani ya serikali tu. Kwanza wanatafuta kitovu cha mji, yaani mahali watu walipobanana sana. Halafu wanaangalia kila manispaa ya jirani na kuuliza: katika kila wafanyakazi 100 wanaokaa hapa, wangapi wanakwenda kufanya kazi kwenye kitovu? Wakiwa 15 au zaidi, manispaa hiyo inahesabiwa pamoja na mji.

Tufanye hesabu. Tuseme kijiji cha kwanza kina wafanyakazi 200, na 40 wanakwenda kazini mjini. 40 gawanya kwa 200, zidisha kwa 100, unapata 20. Hiyo inazidi 15, kwa hiyo kijiji kinahesabiwa na mji. Kijiji cha pili kina wafanyakazi 300, na 30 wanakwenda mjini. Jibu ni 10. Hicho hakihesabiwi.

Kipimo hicho ni kizuri, lakini tusikivae kama nguo ya kuazima bila kuipima. Kwetu wengi hawaendi mjini kwa ajira. Wanapeleka mchele, maziwa au mgonjwa. Wachimbaji wadogo nao wanahama: leo wako Rwamgasa, mwezi ujao wamekimbilia rashi mpya. Hesabu ya wafanyakazi peke yake itawaacha nje.

Mpaka huu wa tatu unaweza kusogea kwa siku moja. Juni 2025 Daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa. Lina urefu wa kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria. Kabla ya hapo watu walingoja kivuko. Sasa gari linavuka kwa dakika chache. Hakuna aliyetangaza kwamba Sengerema imekuwa Mwanza. Lakini njia ikifupika, mji unanyoosha mkono.

Mipaka hii na shamba lako

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Watu wengi wakiona lami na nguzo za umeme zinakuja, wanasema, "Tumeshakuwa mjini." Wanunuzi nao wanakuja na daftari na fedha mkononi. Ngoja kwanza! Umeme na lami ni dalili za mpaka wa pili na wa tatu. Lakini haki ya ardhi inafuata mpaka wa kwanza.

Kama kijiji chenu bado ni kijiji kwa sheria, ardhi yenu inalindwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999. Halmashauri ya kijiji ndiyo inayoisimamia kwa niaba ya wanakijiji. Kuuziana shamba chini ya mwembe, bila halmashauri ya kijiji kukubali, ni kujitafutia kesi.

Ardhi ya kijiji ikitakiwa ihamishwe kwa manufaa ya umma, sheria hiyo imeweka utaratibu. Eneo lisipozidi hekta 250, yaani kama ekari 600 na kitu, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri, lakini lazima kwanza apate mapendekezo ya kijiji. Na ardhi haihamishwi mpaka fidia ikubaliwe: aina yake, kiasi chake, itakavyolipwa na lini.

Kijiji kikishageuka mtaa wa mji, halmashauri ya kijiji inaondoka. Mwenyekiti wa mtaa hana madaraka yale ya ardhi. Hayo yanakwenda kwa halmashauri ya mji na maofisa ardhi. Hapo unakutana na upimaji wa viwanja, hati miliki na kodi ya ardhi ya kila mwaka.

Vile vile ipo hali ya katikati. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999, inataja eneo la pembezoni mwa mji. Ni eneo lililo ndani ya kilomita 10 nje ya mpaka wa mji, au zaidi kama Waziri akiamua hivyo. Mnaona? Ulaya wamehesabu wasafiri. Sheria yetu imehesabu kilomita.

Basi kabla ya kuuza au kununua, uliza maswali matatu. Eneo hili liko chini ya halmashauri gani? Ni kijiji au ni mtaa? Nani anaruhusiwa kuidhinisha? Majibu yatafute ofisini kwa mtendaji, na uyaone kwenye maandishi. Ninyi mnajua kusoma; msikubali kusomewa na dalali.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Taja mipaka mitatu ya mji. Mji ulio karibu nanyi unaishia wapi kwa kila mpaka?

2. Hesabuni watu wazima wa kitongoji chenu wanaofanya kazi. Wangapi wanakwenda mjini kila siku? Je, wanafika 15 katika kila 100?

3. Katika sensa ya mwaka 2022 Nyamagana ilikuwa na watu 594,834, na Ilemela watu 509,687. Mwanza ya watu wote ilikuwa na watu wangapi? Na Mwanza ya halmashauri ya jiji je?

4. Jirani yako anataka kuuza ekari 2 kwa mgeni kwa sababu "mji umefika." Utamshauri aanzie wapi?