Kidonda Kimefunga, Mkono Bado

Mtoto akimwagikiwa chai ya moto, simu hazikomi. Nyanya aliye mashambani anauliza, majirani wa Gatwekera, Kibera, wanapiga hodi, na siku kidonda kinapofunga habari inayozunguka ni moja: amepona. Tunaomba neno hilo lisiharakishwe. Mtoto akiungua sana, kovu huendelea kubadilika kwa miezi mingi baada ya ngozi kufunga, mara nyingi mwaka na zaidi, na katika muda huo huwa linavuta. Likipita juu ya kiganja, kiwiko au goti, hukikunja kiungo polepole, bila homa wala usaha wa kumshtua mzazi. Mtoto aliyeruhusiwa kutoka hospitalini akiwa na kidonda safi anaweza baadaye kushindwa kushika kalamu.

Ugumu ni kwamba mkao unaompa mtoto nafuu ndio unaomkunja. Vidole vikikunjwa haviumi, kwa hiyo hulala amevikunja, na mama kwa huruma humwacha. Wazazi wengi husema, “Analia tukimnyoosha.” Ni kweli, na asilazimishwe kwa nguvu. Lakini kilio peke yake si dalili kwamba anaumizwa. Apewe dawa ya maumivu aliyoandikiwa, kovu lililokwisha kufunga lipakwe mafuta ya mgando na kukandwa taratibu, kisha vidole vinyooshwe kama mtaalamu wa viungo alivyoonyesha. Banzi la usiku, linaloshikilia vidole vikiwa vimenyooka, asivuliwe kwa sababu tu analalamika. Mkono ukifa ganzi au vidole vikibadilika rangi, hapo livuliwe na arudishwe hospitalini mara moja. Kila Jumapili alaze kiganja mezani. Kama wiki iliyopita kililala chote na leo vidole vimeinuka, msingoje tarehe ya kliniki.

Pingamizi lenye uzito zaidi dhidi ya kwenda kliniki ni la riziki. Mama anayefua nguo za watu akikosa siku moja amekosa unga, na hakuna haki ya kumwita mzembe. Hata hivyo, mkono ukishakaza huenda ukahitaji upasuaji, na upasuaji humlia mzazi siku nyingi kuliko kliniki zote alizoruka. Hospitali ya Mbagathi haiko mbali na Kibera, na mhudumu wa afya ya jamii anayepita mtaani anaweza kusaidia kuuliza ratiba. Tena sehemu kubwa ya tiba hii hufanyika nyumbani: dakika chache kabla ya kibarua, nyingine jioni, na mchana mchezo. Mtoto apewe donge la unga wa chapati alifinye na kulitandaza, au vifuniko vya soda avipange kimoja kimoja kwa mkono ulioungua, hata kama ule mzima ungefanya upesi. Ndugu zake wamsubiri, wasimfanyie.

Nyanya akipiga simu, aambiwe hali ilivyo: kiganja kinafunguka, kidole cha mwisho bado, kliniki ni Jumanne.