Mbwa wa Mpangaji Uani Kwangu

*Mshauri wetu, mimi ni mjane, nina nyumba ya vyumba sita Ngamiani, Tanga, na kodi yake ndiyo riziki yangu. Nilimpangisha kijana mmoja kwa mkataba wa maandishi usemao kwamba mnyama hafugwi nyumbani humo. Baada ya mwezi akaleta mbwa, akamfunga uani karibu na bomba, akidai anamlindia pikipiki yake iliyokwisha kuibiwa betri. Nilinung'unika, lakini alipoleta kodi ya miezi sita mingine nikaipokea. Sasa mbwa ametia mdomo katika ndoo ya kutawadhia ya mzee wa chumba cha mbele, na mzee anataka kuhama. Wapangaji wananiambia nimtilie mbwa sumu; mwanangu anataka kukitia kufuli chumba cha kijana. Nifanyeje?*

*Mjane, Ngamiani*

Bibi mheshimiwa, haki ni yako. Mtu aliyesoma sharti, akaliridhia na kulitilia saini, hana udhuru wa kulivunja kwa sababu amezukiwa na haja mpya, na lau kila mpangaji angejihalalishia kwa haja yake yale aliyokatazwa na mkataba, hapangekuwa na mjane awezaye kulala usingizi akitegemea kodi ya nyumba. Wala sharti lako si la inda. Katika nyumba zetu za Kiswahili, ambazo vyumba vyake hutazamana ukumbini na wakaazi wake wote hufua, hupika na hutawadha katika ua mmoja, mnyama wa mmoja huwa mnyama wa wote. Na mzee huyo, ikiwa anafuata madhehebu ya Imamu Shafi kama wengi wetu hapa pwani, imempasa kuiosha ndoo yake mara saba, mojawapo kwa udongo, kazi nzito kwa mtu wa umri wake, alfajiri, na adhana imekwisha kulia.

Hata hivyo haki hiyo iliingia ufa siku ulipopokea kodi huku mbwa akibweka uani. Sikulaumu, maana mahitaji ya nyumbani hayangoji. Lakini kijana ataweza kusema kwamba uliona, ukapokea, ukanyamaza, na kimya cha namna hiyo aghalabu huhesabiwa kuwa ridhaa. Kwa hiyo ianze kadhia hii upya, kwa utaratibu ulio wazi.

Shauri la sumu likatae katakata, na mwenye kulileta tena mwambie usoni kwamba ametaka dhuluma. Mnyama huyo hakujileta. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haikuwekwa bure, na sumu iliyomwagwa uani wanamocheza watoto haichagui mdomo wa kuingia. Dini ile ile iliyotuamuru kuosha chombo imetuhadithia pia habari za mtu aliyeghufiriwa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu.

Kufuli nalo litakuponza. Kodi imekwisha kulipwa, na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inamtaka mwenye nyumba ampe mpangaji aliyevunja sharti ilani ya maandishi, yenye kulitaja kosa na kumpa muda wa kulirekebisha. Mwanao akikifunga chumba hicho, mshitakiwa utakuwa wewe, na mvunja sharti ndiye atakayehurumiwa na mtaa mzima.

Nenda wewe mwenyewe, si mwanao, umwite kijana kando, pasipo wapangaji wa kusikiliza, umwambie kwa lugha ya mama kwa mwana kwamba sharti liko pale pale na kwamba mbwa hana budi kuhama. Kisha umsikilize. Mimi nasadiki kwamba kiini cha jambo hili ni mlango wako wa uani kuliko mbwa: kijana aliyeibiwa betri ndani ya ua anaolipia kodi alikuwa na haki ya kuona komeo jipya, na sikuona katika barua yako kwamba ulilitia. Litie kwanza, fundi alifanye mbele ya macho yake, ndipo umpe ilani ya mwezi mmoja, nakala moja kwake na moja kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Na ikiwa unamjua mtu wa shamba mwenye mbuzi wanaohitaji mlinzi, mtajie. Mbwa aliyezoea kulinda hapotezi kazi huko.

Katika muda huo mbwa afungwe mbali na bomba, na kijana akuonyeshe cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, maradhi ambayo yakishaonyesha dalili kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Atakayeumwa na aoshe jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Iwapo mwezi utakwisha naye amekaidi, peleka mkataba na nakala ya ilani kwa mwenyekiti wa mtaa awasuluhishe, na ikishindikana, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya liko kwa ajili ya mambo kama haya. Lakini kodi ya miezi sita ijayo, Bibi, usiipokee mpaka jambo hili limekwisha.