Pikipiki ya Njia Mbovu: Namna ya Kuiandikisha na Kuitunza

Pikipiki iliyotengenezwa kwa ajili ya njia mbovu ni chombo chenye faida kubwa katika nchi ya Kenya. Afisa wa mifugo huitumia kufika mabomani ambako motokaa haifiki. Muuguzi huchukulia dawa za chanjo. Mkulima huendea sokoni wakati wa masika. Aina kama Yamaha DT 125 na Honda XL 125 zimejulikana vijijini kwa miaka mingi. Umbo lake latambulika upesi: injini imeinuliwa juu ya mawe, springi zake zina nafasi ndefu ya kushuka na kupanda, tairi zake zina meno makubwa, na gurudumu la mbele ni kubwa kuliko la nyuma, mara nyingi la inchi 21.

Lakini chombo hiki kina adui wawili wanaokiharibu polepole, bila mwenyewe kusikia kelele yoyote. Adui wa kwanza ni karatasi zisizotengenezwa kwa wakati wake. Wa pili ni vumbi. Kwa hiyo somo letu la leo lina sehemu mbili.

SEHEMU YA KWANZA: KUIANDIKISHA

Je, njia ya porini ni barabara?

Watu wengi hudhani kwamba pikipiki isiyokanyaga lami haihitaji kuandikishwa. Neno hilo si kweli. Sheria ya Usafiri Barabarani, Sura ya 403, haisemi juu ya lami peke yake. Kwa sheria hiyo, barabara ni pamoja na njia nyingine yoyote, hata njia ya miguu, ambayo vyombo vyaweza kupita na ambayo watu wote wana ruhusa ya kuipita. Kwa hiyo njia ya ng'ombe iendayo kisimani, ikiwa watu wote huipita, ni barabara machoni pa sheria. Mwenye kupanda pikipiki humo yampasa awe na pikipiki iliyoandikishwa, leseni ya pikipiki, na bima.

Kazi ya kuandikisha vyombo vya barabarani iko chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, inayojulikana kwa herufi NTSA, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Maombi hupelekwa kwa mtandao wa Serikali uitwao eCitizen. Asiyejua kutumia mtandao na aende kwenye Kituo cha Huduma kilicho karibu naye, achukue kitambulisho chake na namba yake ya kodi. Ukinunua pikipiki mpya dukani, kwa kawaida mwenye duka hukufanyia kazi ya kuiandikisha. Lakini usiondoke na pikipiki isiyo na namba kwa ahadi ya kwamba namba itafuata. Namba za pikipiki za Kenya huanza kwa herufi KM.

Jihadhari pia na pikipiki zilizotengenezwa kwa mashindano. Nyingi hazina taa, wala honi, wala vioo. Zapendeza macho na bei yake huenda ikawa ndogo, lakini haziwezi kutumika barabarani kama zilivyo. Uliza jambo hili kabla ya kutoa fedha.

Pikipiki ya mkono wa pili

Hapa ndipo hasara kubwa hutokea. Kabla ya kununua, soma namba mbili: ile iliyogongwa katika chuma cha fremu karibu na shingo ya usukani, na ile iliyo ubavuni mwa injini. Zilinganishe na namba zilizoandikwa katika hati ya pikipiki, ambayo watu huiita logibuku. Zisipolingana hata kwa tarakimu moja, au ukiona chuma kimekwanguliwa kwa tupa, usinunue. Kisha tazama jina lililo katika logibuku na kitambulisho cha muuzaji. Akikuambia kwamba mwenye jina ni binamu yake aliye safarini, mngoje huyo binamu arudi.

Sheria yasema kwamba mtu ambaye jina lake limeandikwa ndiye atakayehesabiwa kuwa mwenye chombo, mpaka ithibitishwe vingine. Yasema tena kwamba muuzaji hana budi kutoa habari kwa Mwandikishaji katika muda wa siku 7 tangu kuuza, na kwamba pikipiki haina ruhusa kutumika barabarani zaidi ya siku 14 tangu kuuzwa kama mwenye mpya hajaandikishwa.

Tufanye mfano. Bwana mmoja amemwuzia jirani yake pikipiki. Wameandikiana karatasi sokoni, wakapeana mikono, na kila mtu akaenda zake. Baada ya miezi mitatu yule jirani anamgonga mtoto, naye anakimbia. Polisi wanatafuta namba, na namba inawapeleka nyumbani kwa yule aliyeuza. Sasa ni juu yake kuthibitisha ya kuwa pikipiki si yake, na karatasi ya sokoni huenda imekwisha kuliwa na mchwa.

Mnunuzi naye hana raha. Muuzaji akifa, warithi wake waweza kuidai pikipiki. Kama logibuku iliwekwa rehani kwa mkopo, mkopeshaji aweza kuja kuichukua. Na siku mnunuzi atakapotaka kuuza, hatakuwa na kitu cha kuuza ila chuma. Haya yote huepukwa siku ile ile ya kununua. Muuzaji huanzisha mapatano ya kubadili jina katika mtandao, na mnunuzi huyakubali kwa upande wake. Ni vema kila mtu ahakikishe jambo hili limeanzishwa kabla fedha zote hazijatolewa.

Bima na mavazi

Sura ya 405 ya sheria yamlazimisha kila mwenye chombo kuwa na bima kwa ajili ya watu wengine. Ifahamike vema: bima hiyo ya lazima ni kwa mtu utakayemwumiza au kumwua, hailipi pikipiki yako ikiibiwa au ikivunjika. Sheria yataka vilevile mpanda pikipiki avae kofia ngumu na koti linalong'aa, na asichukue zaidi ya abiria mmoja. Kofia yafaa porini kama ifaavyo mjini, kwa maana jiwe la porini si laini kuliko lami.

SEHEMU YA PILI: KUITUNZA

Vumbi na chujio la hewa

Injini huvuta hewa nyingi sana kwa kila kilomita. Katika vumbi la Marsabit au la Kajiado, hewa hiyo imejaa chembe ndogo za mchanga. Chembe hizo zikipenya hadi ndani, huchanganyika na mafuta na kuwa kama dawa ya kunolea visu, nazo husaga pistoni na silinda mpaka nguvu inakwisha. Kizuizi cha pekee ni chujio la hewa. Bei ya chujio ni ndogo. Bei ya silinda na pistoni yaweza kumshinda mtu wa mshahara wa kawaida.

Chujio la pikipiki nyingi za namna hii ni sponji. Litoe, ulioshe kwa mafuta ya taa au maji ya sabuni. Usitumie petroli, kwa sababu yaweza kushika moto na tena huharibu gundi. Likamue kwa kulibana baina ya viganja. Usilisonge kama nguo, maana litapasuka. Likikauka, litie mafuta kidogo, ulibane tena ili yanayozidi yatoke, kisha lirudishe mahali pake likae sawasawa pasiwe na upenyo. Mafuta hayo ndiyo yanayonasa vumbi. Sponji kavu hupitisha. Msimu wa kiangazi fanya kazi hii kila juma. Wapo wanaolitupa chujio ili injini ivute kwa nguvu. Injini yao hukimbia vizuri kwa muda mfupi, kisha huanza kupoteza nguvu, na ile ya stroki nne huanza kutoa moshi wa buluu.

Mafuta

Jua kwanza kama injini yako ni ya stroki mbili au stroki nne. Yamaha DT 125 ni ya stroki mbili: mafuta yake maalumu huwekwa katika tangi dogo, nayo huungua pamoja na petroli. Tangi hilo likikauka, pistoni hukwama ghafula, na gurudumu la nyuma laweza kujifunga huku unakwenda. Honda XL 125 ni ya stroki nne: mafuta hukaa chini ya injini, nayo hubadilishwa kila baada ya mwendo ulioandikwa katika kitabu chake. Penye vumbi jingi na mizigo mizito, yabadilishe mapema kuliko hivyo. Mafuta yakionekana meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Usiendeshe tena mpaka uyabadilishe.

Cheni na spoki

Cheni ya pikipiki ya njia mbovu haipaswi kukazwa sana. Gurudumu la nyuma likipanda na kushuka, cheni hukazika yenyewe. Isipokuwa na ulegevu, hukatika au huharibu beringi. Ulegevu wa sentimita 3 au 4 katikati, upande wa chini, wafaa pikipiki nyingi, lakini fuata kitabu cha pikipiki yako. Isugue kwa brashi na mafuta ya taa, kisha itie mafuta. Kama ina klipu, upande wa klipu uliofungika uelekee kule ambako cheni inakwenda; ukiigeuza, huenda ikachomoka njiani.

Spoki hupimwa kwa sikio. Zigonge moja moja kwa spana ndogo. Iliyokazwa hulia wazi kama kengele. Iliyolegea hutoa sauti nzito. Ukiacha moja iliyolegea, zile jirani zake zitabeba mzigo wake na kukatika.

Maji na matope

Usivuke mto uliofurika. Hata mto mdogo, shuka kwanza uupime kwa fimbo. Kama pikipiki imezama na injini imezimika, usipige kiki hata mara moja. Hewa hubanwa, maji hayabanwi. Nguvu ya kiki yaweza kukunja konrodi. Zima swichi, ondoa plagi, kisha geuza injini polepole mpaka maji yote yatoke. Kausha chujio, tazama mafuta, ndipo ujaribu kuiwasha. Katika udongo mweusi wa Mwea au nyanda za Kano, matope hujaa chini ya bamba la tope mpaka gurudumu linakwama; yaondoe kwa kijiti kabla ya kuchoma klachi kwa kulazimisha.

RATIBA YA KAZI

Kila siku kabla ya safari: tairi, breki, taa, petroli, mafuta.
Kila juma: chujio la hewa, cheni, spoki, nati na bolti zote.
Kila mwezi: plagi, nyaya za klachi na breki, unene wa breki, maji ya betri ikiwa ni ya kutiwa maji.
Kila mwaka: siku ya mwisho ya bima na ya leseni, na jina lililo katika logibuku.

Msomaji na aikate ratiba hii, aibandike ukutani mahali anapoweka pikipiki yake. Na kama alinunua pikipiki ya mkono wa pili na jina la mwingine lingali katika logibuku, asingoje mwisho wa mwaka. Amtafute muuzaji juma hili, maadamu wote wawili wako hai na wangali wanaelewana.