Nakala ya Mwili Inayofichua Kosa: Mazoezi ya Upasuaji wa Uzazi Wilayani

Wilaya ya Gairo, iliyoanzishwa mwaka 2012, iko kando ya barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma. Mama anayepatwa na uchungu pingamizi usiku, katika kijiji kilicho mbali na barabara hiyo, hawezi kungoja bingwa afike kutoka mjini. Anahitaji mtumishi aliye karibu, mwenye mkono uliozoea kazi. Je, mkono huo ujizoeze wapi kabla ya kugusa mwili wa mtu?

Jibu mojawapo ni nakala ya mwili. Wengi hudhani nakala bora ni ile inayopendeza macho. Kumbe bora ni ile inayomwonyesha mwanafunzi kosa lake papo hapo. Mwanasesere aitwaye NeoNatalie, anayetumika kufundishia namna ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua, akijazwa maji huwa mzito na mlegevu kama mtoto halisi. Barakoa ikivuja, kifua chake hakiinuki. Utafiti uliofanyika katika hospitali 8 za Tanzania na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa, baada ya mafunzo hayo, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47.

Kwa upasuaji wa kumtoa mtoto tumboni, nakala yaweza kuundwa kwa vifaa vya fundi baiskeli na fundi cherehani, tabaka juu ya tabaka:

1. Ngozi: kipande cha mpira laini.
2. Mafuta: sponji ya godoro.
3. Utando mgumu: kitambaa kizito.
4. Misuli: vitambaa viwili vyekundu, vinavyotenganishwa kwa vidole bila kukatwa.
5. Utando wa ndani wa tumbo: mfuko mwembamba wa plastiki.
6. Kibofu: puto lenye maji ya rangi, lililolala mbele ya sehemu ya chini ya mji wa mimba.
7. Mji wa mimba: mpira wa ndani wa tairi, wenye mwanasesere ndani.

Tabaka la sita lisiachwe kamwe. Kisu kikikosea, maji ya rangi humwagika mezani. Kwa mama, kosa hilohilo lisipotambuliwa na kushonwa mapema laweza kuleta fistula na mkojo usiozuilika. Nakala isiyo na kibofu huuzoesha mkono ujasiri usiostahili.

Hospitali kubwa hutumia njia nyingine kwa ajili ya kupanga upasuaji: kompyuta huunganisha picha za CT za mgonjwa, kisha printa ya pande tatu hujenga mfano wa taya au nyonga yake iliyovunjika. Daktari hukunja bamba la chuma kwa kulifuata umbo hilo kabla mgonjwa hajalazwa mezani.

Nakala haitoki damu wala haichukui nafasi ya msimamizi mwenye uzoefu. Hata hivyo, kwake kosa la kwanza hurekebishwa kwa sindano na puto jipya. Mgonjwa naye asione haya kuomba aonyeshwe juu ya nakala atakachofanyiwa, kabla ya kutia sahihi ya ridhaa.