Biashara ya karanga

Mama, unataka kuuzisha karanga? Anza na kidogo. Ukinunua karanga kwa franka 10.000, na makala kwa franka 1.000, umetumia 11.000. Ukiuzisha zote na kupata 14.000, faida ni 3.000 tu. Zile 11.000 weka katika kopo lake: ndizo mbegu ya kesho, usizile.

Chagua karanga mbele ya kukaanga. Zenye ukungu, tupa. Zina sumu inayoharibu maini, na moto hauimalizi. Usiziuzishe, usiwape watoto nyumbani. Kikombe kimoja cha karanga ni hasara ndogo. Ugonjwa ni hasara kubwa. Zilizo nzuri zikaushe sana juani, uziweke mahali pakavu.