Kabla Hujamwashia Mtoto Katuni ya Wanyama

Ukishuka Omurushaka na flashi mfukoni, kijana wa kibanda cha kurushia nyimbo atakuuliza unataka nini, nawe utajibu, "Niwekee katuni za watoto." Muda si mrefu umejaziwa filamu kumi. Jioni, iwe Nkwenda au Nyaishozi, watoto wanajipanga mkekani mbele ya televisheni ya sola na wewe unaendelea kumenya ndizi kwa amani, maana ni wanyama tu wanaosema. Amani hiyo inakuja mapema mno.

Wanyama wanaosema si wageni kwetu. Sungura, Fisi na Kobe wamesema kando ya moto tangu enzi za bibi zetu. Lakini bibi alikuwa akimtazama mtoto usoni. Akiona macho yamemtoka, fisi alipunguziwa meno. Akiona kadogo kamejikunyata, hadithi ilikatishwa, ikamaliziwa kesho. Televisheni haimwoni mtoto. Kazi ya bibi imebaki kwako, na huwezi kuifanya ikiwa nawe unaiona filamu kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo itazame peke yako kwanza. Ukikosa muda, tazama dakika 10 za mwanzo, ruka hadi katikati, kisha tazama 20 za mwisho. Filamu hizi hupenda kumwondoa mzazi ili mtoto abaki peke yake na safari ianze, na vita vikubwa huwekwa karibu na mwisho. Katika Finding Nemo ya 2003, mama samaki anakufa mwanzoni kabisa. Katika Bambi ya 1942, mama yake Bambi anauawa kwa risasi ya wawindaji. Katika The Lion King ya 1994, Mufasa anasukumwa na ndugu yake mwenyewe katikati ya nyumbu wanaotimka, kisha muuaji huyo anamgeukia Simba mdogo na kumwaminisha kwamba kosa ni lake.

Hapo pa Simba naomba tukae kidogo. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikogundulika, mwaka 1983, na watoto wengi wakalelewa na bibi. Hata leo, kwa sababu hii au nyingine, si nadra kukuta Karagwe au Kyerwa mtoto ambaye baba au mama yake hayupo tena. Kwa mtoto huyo lile bonde la nyumbu si katuni. Anachosikia ni kwamba mtoto anaweza kuwa chanzo cha kifo cha baba yake, na huenda wazo hilo amekuwa nalo moyoni bila kumwambia mtu. Kama msiba bado mbichi, iache filamu hiyo, zipo nyingine. Kama ni wa siku nyingi, kaa naye mkekani, na tukio likifika useme kwa sauti, "Simba hakumuua baba yake. Amedanganywa." Useme kwa lugha anayobembelezewa nyumbani. Kama ni Kinyambo, basi kwa Kinyambo.

Alama za umri zilizoandikwa kwenye jalada zinasaidia, ila usizikabidhi mtoto wako. G ya Marekani na U ya Uingereza humaanisha filamu inafaa kwa wote, na PG humtaka mzazi aongoze. Watership Down, filamu ya 1978 yenye sungura wanaosema na damu nyingi, ilipewa U kule Uingereza, ikakaa nayo zaidi ya miaka 40 kabla ya kupandishwa kuwa PG. Tena alama hupewa filamu ya asili. Iliyotafsiriwa ni kitu kingine, kwa sababu mtafsiri anaweza kuongeza mizaha na matusi ambayo simba wa asili hakuyasema. Isikilize kidogo umefumba macho. Na ukienda kurushiwa, taja jina la filamu.

Umri nao una mambo yake. Joanne Cantor, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliyechunguza hofu za watoto kwa miaka mingi, alionyesha kwamba wadogo huogopa kinachoonekana kibaya hata kama kina moyo mwema, na wakubwa kidogo huogopa kinachoweza kutokea kweli. Ndiyo maana wa miaka 3 atalilia jitu lenye meno na kumchekea mwongo mwenye sura nzuri, huku dada yake wa miaka 9 akikosa usingizi kwa kuwaza nyumba kuungua. Ukiona wanaanza kujificha, punguza sauti kwanza, kwa kuwa muziki ndio hubeba sehemu kubwa ya hofu. Shirika la Afya Duniani linashauri wa miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa 1 kwa siku mbele ya skrini, na filamu nyingi za familia huvuka hapo. Ikate mara mbili, lakini usikatishie kwenye kilio. Simamisha mahali ambapo kuna aliyefarijiwa.

Liko jambo ambalo mzazi wa mjini halazimiki kulifikiria. Akili and Me, ya shirika la Ubongo la Dar es Salaam, ninaipendekeza kwa moyo wote kwa wadogo: ni ya Kiswahili, ni ya upole, na kiboko ni rafiki. Lakini kama nyumba yenu iko upande wa Mto Kagera, mwambie mtoto wazi kwamba kiboko wa mtoni anaua, na mamba vilevile. Mbwa asiyejulikana naye hashikwi, hata kama jana kwenye filamu alikuwa akiimba, kwa sababu kichaa cha mbwa kipo. Ukimwonyesha Babe ya 1995, nguruwe anayeponea kisu, jiandae na swali kuhusu mbuzi wa Krismasi. Mjibu ukweli.

Kesho yake angalia wanavyocheza, nani anapigwa na nani anaokolewa. Usimwulize kama ameipenda, atasema ndiyo ili uiwashe tena. Mwulize ni mnyama gani alikuwa na huzuni, na nani alikwenda kukaa naye. Akikujibu kwamba hakuna aliyekwenda, rudieni sehemu hiyo pamoja, akiwa amekaa mapajani mwako.