Huzuni isiyokwisha: Habbat sauda, asali na vidonge vya hospitali



Ndugu msomaji, katika darsa ninazosomesha, swali moja limekuwa likijirudia kwa sura mbalimbali. Mmoja huuliza: je, Muislamu anayesali sala tano anaweza kupata maradhi ya sonona, au huo ni upungufu wa imani? Mwingine huuliza: kwa kuwa tuna habbat sauda na asali, kuna haja gani ya kumeza vidonge vya hospitali? Maswali haya mawili yana mzizi mmoja, na kwa uwezo wa Allah nitajaribu kuyajibu pamoja.

Huzuni si dhambi

Qur'an Tukufu, katika Surat Yusuf aya ya 84, inatueleza juu ya Nabii Yaaqub (A.S.) ambaye macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni ya kumpoteza mwanawe. Huyo ni Nabii wa Allah, na Allah hakumlaumu. Mtume wetu (S.A.W.) naye, kama alivyopokea Anas bin Malik (R.A.) katika Sahihi Bukhari, alikuwa akikithirisha dua ya kujikinga kwa Allah na wasiwasi na huzuni. Mtu hujikinga na kitu chenye madhara. Kwa hiyo anayemwambia mgonjwa kuwa analia kwa sababu imani yake ni ndogo, amezungumza bila ya elimu.

Wanachuoni wetu wa zamani walikwenda mbali zaidi. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934 Miladia), aliandika kitabu kizima juu ya maslahi ya miili na nafsi. Humo aliigawa huzuni mafungu mawili. Ipo yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupoteza mali, na ipo inayomjia mtu bila ya sababu anayoijua, ambayo aliihusisha na hali ya mwili wenyewe. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, Muislamu huyu alishaona kuwa mwili nao unaweza kuuguza moyo. Leo wapo baadhi yetu wanaodhani kwamba kusema hivyo ni kuwafuata Wazungu!

Sunna inasema nini hasa?

Tiba inayotajwa waziwazi kuhusu huzuni ni talbina, yaani uji mwepesi wa unga wa shayiri, ambao wengi huutia maziwa au asali. Bibi Aisha (R.A.) akifiwa na mtu katika ahli zake, wanawake walikusanyika, kisha wakatawanyika na kubaki jamaa na watu wa karibu. Hapo huamrisha talbina ipikwe, na huwaeleza kuwa amemsikia Mtume (S.A.W.) akisema inaupumzisha moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

Tuizingatie hadithi hii vizuri. Kwanza, imesema baadhi ya huzuni. Haikusema huzuni yote. Mtume (S.A.W.) ambaye hasemi kwa matamanio yake amepima maneno, lakini muuzaji wa leo anabandika kwenye chupa kuwa dawa yake inamaliza kabisa. Pili, uji ule haukunywewa na mfiwa aliyejifungia chumbani peke yake. Ulipikwa nyumbani na ukaliwa pamoja na jamaa. Sisi tumechukua unga, tukawaacha watu.

Ama habbat sauda, hadithi ya kuwa ni ponyo ya kila maradhi isipokuwa mauti ni sahihi, na hatuna shaka nayo. Lakini Imamu al-Khattabi (aliyefariki 388 Hijria) alieleza kuwa tamko hilo ni la jumla lililokusudiwa mahususi, yaani maradhi yanayolingana na tabia ya dawa hiyo, kwani hakuna mmea mmoja unaokusanya tiba za maradhi yote yanayopingana. Basi anayetumia habbat sauda kwa nia ya kufuata Sunna, Allah amlipe. Lakini asiifanye hadithi kuwa hoja ya kutupa matibabu mengine.

Utafiti unasema nini?

Si haki kusema kuwa mimea haina kitu. Zafarani, ambayo akina mama wa mwambao wanaijua katika pilau na biriani, imejaribiwa, hasa na watafiti wa Iran, na imeonesha dalili njema kwa sonona isiyo kali. Hata hivyo majaribio mengi yalikuwa na watu wachache, na ya muda mfupi.

Upo mmea wa Ulaya uitwao St. John's wort, unaouzwa kama vidonge. Mapitio ya tafiti 29 yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionesha kuwa unasaidia katika sonona isiyo kali sana. Lakini mmea huu una hatari ambayo wauzaji wengi hawaitaji. Unalifanya ini livunje dawa nyingine haraka kuliko kawaida. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya UKIMWI, vidonge vya uzazi wa mpango au dawa ya kuzuia damu isigande, akichanganya na mmea huu dawa yake inaweza kukosa nguvu bila ya mwenyewe kujua. Na anayetumia vidonge vya sonona kama fluoxetine, mchanganyiko huo unaweza kumletea madhara makubwa ya mishipa ya fahamu na moyo.

Vitamini D nayo inasifiwa sana. Utafiti uliofanyika Marekani kwa watu zaidi ya 18,000 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, matokeo yake yakatoka mwaka 2020, haukuona kuwa inazuia sonona. Mwenye upungufu atibiwe upungufu wake, lakini asitarajie zaidi ya hapo. Mafuta ya samaki yana ushahidi mdogo, na Muislamu aangalie pia ganda la kidonge, kwani baadhi hutengenezwa kwa jelatini ya nguruwe.

Kilicho na ushahidi mzuri ni kile kisichouzwa kwenye chupa: kuutembeza mwili. Aliyeacha kwenda msikitini kwa sababu ya sonona, jirani amfuate waende pamoja kwa miguu. Huo ni mwendo, ni jua, ni mazungumzo na ni ibada.

Hatari ya kauli moja

Namjua kijana mmoja aliyeniruhusu nieleze haya bila ya kumtaja. Mkewe alipata sonona baada ya kujifungua. Halali, hali, na mtoto akilia hamsogelei. Hospitali walimpa vidonge na kupanga siku za mazungumzo, na baada ya wiki kadhaa akaanza kurudi katika hali yake. Kisha muuza dawa mmoja akawaambia kuwa vidonge vile vinaua imani, na kwamba mafuta yake yanatosha. Dada yule akaacha vidonge siku hiyohiyo. Haukupita mwezi akawa anasema kuwa mtoto angekuwa salama zaidi kama yeye hayupo duniani. Alhamdulillahi, mama mkwe aliyasikia maneno yale, akayaelewa, na akamrudisha hospitali usiku uleule. Leo anamlea mwanawe.

Je, kama mama mkwe asingekuwepo? Mtume (S.A.W.), katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Nasai na Ibn Majah, amefundisha kuwa anayejifanya tabibu na hali hajulikani kwa utabibu, huyo ni mdhamini wa madhara atakayoyasababisha. Wanaouza dawa nje ya misikiti yetu waizingatie hadithi hii. Nasi viongozi wa misikiti tusimruhusu kila mwenye chupa kuwahutubia waumini.

Tufanye nini basi?

Kwanza, tuzijue dalili. Huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kwa zaidi ya wiki mbili, pamoja na usingizi na ulaji kuharibika, kuchoka, kujiona huna thamani na kushindwa kazi, hayo si ya kusubiri. Nenda hospitali. Huko wanaweza pia kupima damu, kwani upungufu wa damu na maradhi ya tezi la shingoni huweza kufanana na sonona.

Pili, ukitumia dawa ya asili yoyote, mwambie daktari. Usimfiche kwa kuogopa kufokewa. Mwenye kisukari akumbuke kuwa asali ni sukari, na kwamba habbat sauda inaweza kuteremsha sukari zaidi ikichanganywa na dawa zake.

Tatu, usiache vidonge vya sonona ghafla. Vinachukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi, na huachwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari.

Nne, anayetamka kuwa amechoka kuishi asiachwe peke yake hata kidogo. Usimhutubie juu ya adhabu ya kujiua. Kaa naye, ondoa sumu na vitu vya hatari karibu yake, na mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Mtu aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu ngamia wake aliambiwa amfunge, kisha ategemee. Dua, Qur'an, talbina, kidonge na mtu wa kuzungumza naye, vyote ni kamba za kumfungia ngamia huyo. Mwenye kuponya ni Allah peke yake, naye ndiye aliyeziumba kamba zote hizo. Kwa nini basi tumwambie mgonjwa achague moja tu?